Sura ya Sita: Mgeni Kwenye Foleni ya Mkate

Mkate wa Khartoum ni mdogo, wa mviringo, hauzidi kiganja cha mtu mzima, na hakuna anayeshiba kwa mmoja. Unauchovya kwenye ful, maharage makubwa ya kahawia yaliyotokota usiku kucha na kutiwa mafuta ya ufuta, na hicho ndicho kifungua kinywa cha waziri na cha mbeba zege. Kwa muda mrefu mkate huo uliuzwa pauni 1 ya Sudan. Tarehe 19 Desemba 2018, katika mji wa Atbara, mji wa reli ulio kaskazini ya Khartoum, watu waliukuta pauni 3. Wanafunzi wa sekondari wakatoka madarasani, watu wazima wakawafuata, na siku hiyohiyo ofisi ya chama tawala ikachomwa moto. Sisi wa Khartoum tulizisikia habari hizo tukiwa kwenye foleni ya mkate.

Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka sana. Nchi ilikuwa imebanwa tangu mwaka 2011, Sudan Kusini ilipojitenga na kuondoka na takriban robo tatu ya mafuta yote. Bila mafuta hakuna dola, na bila dola ngano ya nje haiji. Oktoba 2018 serikali iliishusha thamani ya pauni hadi 47.5 kwa dola moja, na mitaani dola ilikuwa ghali zaidi ya hapo. Ilipofika Novemba mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 70. Petroli ilikuwa na foleni yake, mashine za benki zilikuwa na yao, na mkate nao ukapata yake. Waandishi wa habari walipokuja kuandika kwamba machafuko yameanza, mama wa nyumbani wa Omdurman alikuwa ameyaona tangu kabla ya mfungo sita.

Ninaposema sisi, nina maana ya Waswahili wa Khartoum. Walikuwapo, na si wachache. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, kusini mwa jiji, kilikuwa kikipokea vijana kutoka Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, Kampala na Visiwa vya Komoro kwa miaka mingi, wengine kusoma sheria na dini, wengine udaktari na uhandisi. Nje ya mabweni kulikuwa na nyumba za kupanga, watu sita au wanane wakichangia kodi, jiko moja na birika moja. Nyumba yetu ilikuwa na Mganda mmoja, Mkomoro mmoja, na waliobaki sote wa pwani. Kiswahili ndicho kilichotawala sebuleni. Kiarabu tulikiacha mlangoni pamoja na viatu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe letu lilikuwa foleni. Zamu zilipangwa kama za kupika: anayeamka alfajiri kwa sala ndiye anayeunganisha moja kwa moja kwenda kwenye tanuri la mkate. Kulikuwa na dirisha la wanaume na dirisha la wanawake, na la wanawake lilikwenda haraka zaidi, jambo lililoleta malalamiko kila siku na halikubadilika. Kila mtu alipewa idadi yake ya mikate na si zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanitazama.

"Mwanangu, wewe wa wapi?"

"Tanzania, hajji."

"Huko mkate bei gani?"

"Kwetu tunakula ugali, hajji."

"Basi rudi ukale ugali wenu, kabla huyu bwana hajatumaliza sote."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, maana aliyekuwa nyuma yetu hakucheka. Huenda alikuwa na usingizi tu. Lakini idara ya usalama wa taifa ilikuwa na masikio kwenye kila foleni, au kila mtu aliamini hivyo, na kwa mwenye hofu hayo mawili hayapishani. "Huyu bwana" hakuhitaji kutajwa jina. Omar al-Bashir alikuwa madarakani tangu tarehe 30 Juni 1989, na wengi wetu pale ndani ya foleni tulikuwa hatujazaliwa.

Shida ya pili ilikuwa pesa, na hapa mgeni aliumia kuliko mwenyeji. Aliyekulia mahali ambapo hata muuza mihogo anapokea malipo kwa simu anapata taabu kuamini mji wa mamilioni ya watu unaoendeshwa kwa noti. Marekani iliondoa vikwazo vyake vya kiuchumi Oktoba 2017, lakini ikaiacha Sudan kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi hadi Desemba 2020, na benki za nje ziliendelea kuikimbia. Kadi ya Visa ya benki ya nyumbani ilikuwa plastiki tu mfukoni. Pesa ya matumizi ilikuja kwa hawala: mzazi Tanga anamtumia mtu Dar es Salaam kwa simu, huyo anampigia ndugu yake mfanyabiashara Khartoum, naye anakuhesabia pauni nyuma ya duka. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri hadi noti zenyewe zilipoadimika. Benki zikaweka kikomo cha kutoa kwa siku, wenye pesa wakaacha kuzipeleka benki, na vitu vikawa na bei mbili, moja ya taslimu na nyingine, ya juu, ya hundi. Mfanyabiashara akawa anatuomba radhi: pesa zenu zipo, ila noti sina. Wasudani walikuwa na ufundi wao wa kuhamishiana salio la simu likawa kama fedha, nasi tukaupokea. Nimewahi kulipa kinyozi kwa vocha.

Maandamano yalipoingia Khartoum, yalikuja na ratiba. Chama cha Wanataaluma wa Sudan, muungano wa madaktari, walimu, wanasheria na wenzao, kilitangaza siku na maeneo kwenye Facebook, na saa ikawa ileile: saa saba mchana. Ikifika saa saba, mwanamke mmoja mahali fulani anapiga kigelegele, wengine wanamjibu kutoka madirishani, na barabara iliyokuwa tupu inajaa watu wanaoimba. Kwetu kigelegele ni cha harusi na cha mtoto aliyezaliwa. Kule tulijifunza kukisikia na kufunga madirisha, maana baada yake yanakuja mabomu ya machozi. Ununuzi wote ulimalizwa asubuhi. Hata wauza nyanya walijua. Saa sita na nusu walikuwa wanakunja maturubai bila haraka, kama watu wanaosubiri mvua.

Serikali iliifunga Facebook, Twitter na WhatsApp ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, ikaziacha zimefungwa hadi mwishoni mwa Februari. Haikusaidia kitu. Kila kijana aliweka VPN, na bibi aliyekuwa hajui kufungua barua pepe akajua tofauti ya VPN inayokula chaji na isiyokula. Kwetu sisi shida ilikuwa wazazi. Ujumbe ulioandikwa asubuhi ulifika usiku, na katikati hapo mama ameshatazama taarifa ya habari.

"Mwanangu, mbona nchi yote inaungua?"

"Mama, naungua na jua tu. Nimetoka sokoni sasa hivi."

"Usinidanganye."

Sikumdanganya, naye hakukosea. Kamera ikimulika mtaa wa Burri, ambako vijana walipambana na askari karibu kila wiki, aliye Tanga anauona mji mzima katika Burri hiyo. Aliye Khartoum upande wa pili anaona mtu anamenya vitunguu. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja saa ileile, kilomita chache kutoka hapa hadi pale, na ndiyo maana aliye mbali huogopa kupita kiasi na aliye karibu huzoea kupita kiasi. Mimi naona kuzoea ndiko kwenye hatari zaidi. Hofu ya mama angalau ilikuwa inapiga simu.

Balozi na viongozi wa jumuiya za wanafunzi walitutumia maagizo yaleyale kila mara: msishiriki, msipige picha, msikae kwenye mikusanyiko, tembeeni na vitambulisho. Ushauri mzuri, nao haukutosha hata robo. Hakuna aliyetuambia la iqama, yaani kibali cha ukaazi. Cha mwanafunzi kilishughulikiwa na chuo. Vyuo vikafungwa mwishoni mwa Desemba kwa amri ya serikali. Ofisi za vyuo zikawa na mlinzi na kufuli. Kibali kikiisha wakati huo hukuwa na wa kukuongezea. Na aliyesema basi, naondoka, aligundua kwamba mkaazi wa Sudan alihitaji viza ya kutoka, na viza ya kutoka ilitaka kibali kilicho hai. Watu walikuwa na tiketi mkononi na hawawezi kupanda ndege. Nikiulizwa leo na kijana anayekwenda kusoma nchi yenye dalili za moto, sitamwambia aweke akiba ya unga. Nitamwambia akague tarehe za karatasi zake kabla ya jambo lingine lolote, na kama imebaki miezi mitatu, aongeze sasa.

Halafu kulikuwa na ngozi. Mkuu wa usalama alijitokeza mwezi huohuo wa Desemba kudai kwamba ghasia zimepangwa na waasi wa Darfur wanaotumiwa na Israeli. Wanafunzi wa Darfur walikamatwa, wakaonyeshwa kwenye televisheni wakikiri njama. Watu wa Khartoum waliukataa uongo huo kwa namna iliyonishangaza: umati ukaanza kuimba kwamba nchi yote ni Darfur. Sudan ina historia nzito ya ubaguzi kati ya watu wa mto na watu wa magharibi, na kwa wimbo ule mmoja barabarani kitu fulani kilihama.

Sisi lakini tulikuwa na hesabu nyingine. Mdigo au Mpemba akisimama kituo cha basi Khartoum huonekana mtu wa magharibi ya nchi mpaka atakapofungua mdomo. Na akifungua, anatoa Kiarabu cha darasani, kilichonyooka na irabu zake zote, kama msomaji wa taarifa ya habari. Mwenzetu wa Pemba alisimamishwa na vijana wa usalama juu ya pikapu, zile Toyota ambazo mji mzima ulikuwa ukiziogopa. Wakamwuliza anatoka wapi, anakwenda wapi. Akawajibu kwa sarufi kamili. Wakatazamana, wakaangua kicheko, mmoja akamwambia arudie. Akarudia. Wakamwachia, huku wakimwigiza. Alirudi nyumbani anatetemeka na kutukana kwa Kipemba, akaapa hatasahau fadhila za mwalimu wake wa nahau.

Aliyetulinda hasa alikuwa mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Hajja. Siku za maandamano aliacha mlango wa chuma wa uani umerudishwa bila kufungwa, ili anayekimbia aingie, na nyumba nyingi za mtaa zilifanya hivyo. Ndani kulikuwa na ndoo ya maji, siki, na maji yaliyokorogwa hamira ya kunawa macho. Askari walikuwa wakiwafuata watu hadi ndani ya nyumba. Januari 2019 waliingia hata hospitali ya Omdurman na kufyatua mabomu ya machozi wodini. Hajja alijua. Alituelekeza jambo moja: mgeni yeyote akiingia, ninyi kaeni chumbani kwenu, na mkiulizwa hamjui Kiarabu. Wahadhiri watarajiwa wa lugha ya Kiarabu tukakubali kuwa mabubu. Hapo ndipo kauli ya "sisi hatuna upande" ilipoishia. Unapojificha nyuma ya mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya waandamanaji, upande umeshapewa, hata kama hujawahi kuinua bango.

Tarehe 6 Aprili 2019 umati ulifika mbele ya makao makuu ya jeshi ukakataa kuondoka. Tarehe yenyewe ilichaguliwa: ndiyo siku Rais Nimeiri alipoangushwa mwaka 1985. Siku tano baadaye Bashir akaondolewa na majenerali wake mwenyewe, aliyemrithi akadumu siku moja tu, na Abdel Fattah al-Burhan akashika nafasi. Watu hawakuondoka pale. Walijenga mji ndani ya mji, wenye mahema ya madaktari, madarasa ya watoto wa mitaani, kuta zilizochorwa na wasanii, na wauza chai kila baada ya hatua kumi. Pale kwenye vizuizi vya matofali vijana walikupekua huku wakikuomba radhi kwa kibwagizo. Tarehe 23 Aprili treni iliingia kutoka Atbara, watu wamejaa hadi juu ya paa, na wazee wa Khartoum wakalia waziwazi.

Maagizo ya kutokaribia mikusanyiko yalikuwa bado yapo kwenye simu zetu. Tulikwenda. Sikwenda kuandamana, nilikwenda kunywa chai, na ninaisimamia kauli hiyo. Ilikuwa Ramadhani kwa karibu nusu ya siku hizo, na futari ilitandikwa barabarani kwa mistari mirefu, asiye na chakula akivutwa mkono na asiyemfahamu. Aliyeishi ugenini anajua inavyokuwa miezi mingi kupita kando ya furaha za watu. Pale hapakuwa na kando.

Alfajiri ya tarehe 3 Juni, Ramadhani ikielekea ukingoni, askari waliingia. Waliouawa walizidi 100, na miili mingine ilitolewa kwenye Mto Nile. Intaneti ikakatwa nchi nzima siku hiyo, na safari hii VPN haikuwa na la kufanya kwa sababu hapakuwa na mtandao wa kuukwepa. Sikukuu ya Idi ilikuja katika mji wenye vizuizi kila kona na hakuna aliyevaa kanzu mpya. Simu za kawaida zilipita kwa shida. Tulipeana zamu, mmoja anapiga nyumbani kwake na kusoma majina ya wenzake wote, na mzazi mmoja wa Tanga akawa ndiye kituo cha habari cha familia nane.

Ukimya huo ulidumu hadi tarehe 9 Julai, na ulivyovunjwa ni kisa cha pekee. Wakili mmoja aliishtaki kampuni yake ya simu kwa kumnyima huduma aliyoilipia. Akashinda mwezi Juni. Lakini kwa kuwa alishtaki kwa jina lake peke yake, mahakama ilimrudishia intaneti yeye peke yake. Kwa siku kadhaa alikuwa mteja wa pekee wa laini za kampuni hiyo mwenye intaneti, mpaka alipowaunganisha wateja wengine na amri ikatoka kwa wote. Mtaani kwetu watu waliiamini habari hiyo kwa kuwa hakuna mzaha uliokuwa mkali kuliko ukweli wenyewe.

Majeshi na raia walitia saini makubaliano mwezi Agosti, vyuo vikafunguliwa kwa kusuasua, na wengi wetu tukamaliza masomo. Mapinduzi ya tarehe 25 Oktoba 2021 yalipokata tena intaneti, waliobaki walijua la kufanya. Zamu za mkate, saa saba, siki, hawala, karatasi zenye tarehe ndefu. Ulikuwa ujuzi kamili wa kuishi ndani ya ghasia.

Vita havikuuhitaji. Tarehe 15 Aprili 2023, Jumamosi ya Ramadhani, jeshi la Burhan na kikosi cha Mohamed Hamdan Dagalo, yule aitwaye Hemedti, vilianza kupigana katikati ya jiji, uwanja wa ndege ukiwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuwaka. Mimi nilikuwa nimesharudi Tanga, na sasa nilikuwa mimi ninayetazama taarifa ya habari na kupiga simu. Ghasia zina ratiba, zina mtaa unaowaka na mtaa unaomenya vitunguu. Kombora halina saa saba. Waliokuwa mabwenini walikaa chini ya vitanda bila umeme wala maji, na kilichowatoa si majirani bali mabasi. Watanzania takriban 200, wengi wao wanafunzi, walisafirishwa kwa barabara hadi Ethiopia, wakapanda ndege na kutua Dar es Salaam mwishoni mwa mwezi huo. Wengine wa Afrika Mashariki walipitia njia hiyohiyo, au Sudan Kusini, au wakaenda Port Sudan, zaidi ya kilomita 800, kuvuka bahari kwenda Jeddah.

Pasi ya kigeni ambayo mwaka 2019 haikutuepusha kusimamishwa barabarani ndiyo iliyowapandisha basi mwaka 2023. Wenyeji wetu hawakuwa na bahati hiyo. Balozi kadhaa za nchi za Magharibi zilifungwa kwa haraka, wanadiplomasia wakaondoka, na ndani ya makabati yao zikabaki pasi za Wasudani walioomba viza. Mtu alikuwa na pesa, ana gari, ana pa kwenda, na kitabu chake kimefungiwa na mgeni aliyekwishakimbia. Ubalozi wa Marekani ulizichana pasi ulizokuwa nazo, kwa maelezo kwamba zisiangukie mikono mibaya. Sijasikia maelezo yaliyomtosheleza mwenye pasi.

Mwaka uleule wanafunzi wa udaktari wa Kisudani, ambao chuo chao Khartoum kilikuwa kwenye eneo la mapigano, walipokelewa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kumalizia mafunzo yao ya wodini. Niliwakuta wawili Kariakoo, wanatafuta mafuta ya ufuta. Niliwaamkia kwa Kiarabu, wakaniuliza nimejifunza wapi, na swali lao la pili lilikuwa ni ofisi gani inayoshughulikia vibali vya ukaazi na inafunga saa ngapi.